Rangi, mikono na kujikubali: maswali mnayoniuliza kila siku, kutoka Lamu

Mimi napaka hinna. Mchana naenda majumbani kwa maharusi, jioni nikirudi nachora vyangu na kushona mkeka, na wenzetu wa hapa Lamu, wa Malindi, Mombasa mpaka Nairobi wananiandikia maswali yale yale kila wiki, ya kuchora na kutumia rangi kama njia ya kujikubali, ndio nkaona niyaweke pahali pamoja. Mimi ni mwanamke nampenda mwanamke, ni Mswahili, ni Mwislamu, na katika hayo matatu sioni la kutupa. Soma swali linalokuhusu, si lazima uanze juu.

## Kwa anayeanza

Lazima nijitangaze kwanza ndio nianze?

La. Hili ndilo swali naulizwa zaidi na nataka lieleweke vizuri manake watu wengi wamejinyima raha miaka na miaka wakingojea siku ya kujitangaza, na hiyo siku pengine haifiki ama haifai kufika.

Angalia nyumba za mawe za hapa kwetu. Ukipita kichochoroni unaona ukuta mtupu mrefu, mlango wa kuchongwa na basi. Sasa ingia: upite daka la mlangoni, upite tekani, ukumbi wa kuingilia, uvuke kiwanda, yaani ua wa ndani, upite misana yote, vile vyumba virefu, mpaka ufike ndani kabisa chumba cha mwenye nyumba, hapo ndo utakutana na zidaka, ukuta mzima umejaa vishubaka vya chokaa safu juu ya safu, na kila kimoja kimechongwa kingo zake kwa mkono. Uzuri wote umewekwa ndani kwa ndani. Waliojenga hawakuwa wanauonea haya, waliuweka pale walipotaka wao uwe na wakachagua nani aingie auone. Fahari yako waweza kuijenga vivyo hivyo, na ikiwa ndani bado ni fahari kamili.

Mimi sijui kuchora kabisa, naweza kweli?

Waweza. Usianze na sura za watu wala mandhari, anza na rangi peke yake. Chukua karatasi, ukumbuke rangi tatu ulizokuwa unazipenda ukiwa mtoto wa miaka sita saba kabla hujaambiwa hii ni ya wasichana hii ni ya wavulana, uzipige mistari mpaka karatasi ijae. Basi. Kesho tena. Kuna kijana alikaa karibu mwezi mzima anapiga mistari ya pinki tu manake alivuliwa shati ya pinki mbele ya watu akiwa mdogo, na siku alipoongeza rangi ya pili alinipigia simu kunambia kama mtu aliyejaliwa mtoto.

Na kwa hilo la pinki, hebu tazama vikoi vya baba zetu. Mzee anakwenda msikitini na kikoi kina mistari ya pinki, ya zambarau, ya samawati, ya chungwa, na hakuna anayemuuliza kitu. Pwani hii wanaume wamevaa rangi tangu zamani, kwa hivyo anayekwambia rangi ni ya wanawake haijui pwani.

Vifaa ni ghali? Na vinapatikana wapi?

Si ghali. Rangi za maji za watoto wa shule zatosha kabisa, na daftari la kurasa nyeupe zisizo na mistari. Rangi za ukili, zile za unga za kutilia rangi majani ya mikeka, zinauzwa dukani na zinafaa kwa karatasi pia, koroga na maji moto kidogo. Mabaki ya rangi za mashua ni mazuri kwenye mbao lakini hizo ni za mafuta, zinataka tapentaini, na usizifungue chumbani umefunga madirisha utaumwa na kichwa usiku kucha.

Kwani rangi inamtuliza mtu vipi? Ama ni maneno tu?

Si maneno tu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel huko Marekani waliwapa watu wazima 39 udongo, karatasi na kalamu za rangi, wafanye watakalo kwa dakika 45, wakawapima mate kabla na baada. Robo tatu yao kiwango cha kotisoli, ile homoni ya wasiwasi, kilikuwa kimeshuka, na waliojua sanaa na wasiojua walikuwa sawa. Utafiti mdogo huo, lakini sisi tunaoshona mikeka tulikuwa tunalijua jambo lenyewe bila kupimwa mate.

Ntakueleza vile ninavyoliona kwangu. Unachemsha maji kwenye sufuria kuukuu, unatia unga wa rangi, unatumbukiza miyaa, yale majani ya kushonea mkeka, iliyokauka juani mpaka ikawa nyeupe. Zambarau inashika upesi, manjano inataka ugeuze geuze, kijani ukiitoa mapema inakuwa na mabaka. Mvuke unakupanda usoni na una harufu yake, kama nyasi zilizonyeshewa. Ukitoa mkono vidole vimeshakolea na havitoki wiki nzima. Na katika muda wote huo, wallahi, yale maneno uliyoambiwa asubuhi hayakupitii kichwani, manake ukiwaza mengine rangi inaharibika. Kazi ya mkono inakulazimisha ukae ulipo. Mimi nimepata utulivu hapo miaka ambayo sala zangu zilikuwa zimejaa kilio.

(Kama umefanya yote haya na bado hali ni mbaya, nenda moja kwa moja swali la "nachora lakini bado nalia" huko chini.)

## Rangi na maana zake

Bendera yetu ya upinde wa mvua ilitoka wapi? Ni kweli ilikuwa na rangi nane?

Ni kweli. Ilitengenezwa San Francisco, Marekani, ikapandishwa mara ya kwanza tarehe 25 Juni 1978. Aliyeibuni ni Gilbert Baker, msanii aliyejifundisha kushona mwenyewe, na hakuifanya peke yake, alikuwa na wenzake kina Lynn Segerblom na James McNamara na watu wa kujitolea kama thelathini, wakatia vitambaa rangi kwa mikono yao ndani ya mapipa, wakashona. Mimi nikisoma habari hiyo nawaona kabisa vidole vyao vilivyokuwa, manake vyangu ndivyo vilivyo.

Zilikuwa nane na kila moja na maana: pinki ni mapenzi ya mwili, nyekundu ni uhai, chungwa ni kupona, manjano ni jua, kijani ni maumbile, feruzi ni sanaa na uajabu, nili ni utulivu, zambarau ni roho. Pinki ikatolewa kwa sababu kitambaa chake kilikuwa hakipatikani kwa wingi, na mwaka 1979 feruzi nayo ikatoka, zikabaki sita tunazozijua sahii. Mimi bado nachora nane. Siwezi kuitoa feruzi, rangi yenyewe ni ya bahari ya Shela saa nne asubuhi, na siwezi kuitoa rangi ya sanaa kwenye kitu kilichozaliwa na sanaa.

Mbona naona bendera zingine nyingi?

Kila watu wametaka yao. Ya watu wa jinsi mbili, yaani wanaopenda wake na waume, ni ya Michael Page mwaka 1998: pinki, zambarau, buluu. Ya watu trans, yaani ambao jinsia yao si ile waliyoandikiwa walipozaliwa, ni ya Monica Helms mwaka 1999, samawati, pinki na nyeupe katikati, na ameipanga hivi kwamba ukiipeperusha juu chini bado iko sawa, jambo ambalo kila nikilifikiria linanigusa moyo. Mwaka 2018 Daniel Quasar akaongeza mshale wa nyeusi, kahawia na rangi za trans kwenye ile ya upinde. Huhitaji kuzihifadhi zote.

Hivi si vitu vya wazungu? Sisi wenyewe tuna nini?

Bendera ni ya kule na sioni aibu kuikopa, leso pia, yaani khanga, nguo yake ilikuja na meli. Lakini ukiuliza tuna nini, tuna leso. Ina pindo, ina mji, yaani ile sehemu ya katikati, na ina jina lililoandikwa, na mwanamke wa pwani tangu zamani akiwa na neno ambalo hawezi kulitamka mbele ya watu analivaa. Hicho ni kipawa ambacho watu kama sisi tumekihitaji siku zote.

Na kuna aliyeliona hili kabla yangu. Marehemu Kawira Mwirichia, msanii Mkenya, mwaka 2017 alionyesha Nairobi leso alizobuni mwenyewe za kusherehekea mapenzi yetu, na wazo alilitoa kwenye ile ada ya kumtandikia bi harusi leso apite juu yake. Mimi nimepaka hinna miguu ya maharusi wengi ambayo imepita juu ya hizo leso na nimesimama kando nikijua mimi sitotandikiwa. Nilipopata habari ya leso za Kawira nililia, kisha nikatoa kalamu. Mola amrehemu.

Kitu kingine kipo hapa hapa Lamu, ile mashua ya Flipflopi, iliyoshushwa majini mwaka 2018, imeundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvishwa champali kuukuu kama 30,000, na kila champali na rangi yake. Haihusiani na sisi, ni ya kuhifadhi bahari, na wala sitaki kuwabandika walioiunda jambo ambalo si lao. Lakini mtu akiniuliza vitu vilivyotupwa vyaweza kuwa nini, namwambia nenda kaitazame ile.

Niandike jina gani kwenye leso yangu ya kuchora?

Yapo ya zamani yanayotosha: "Kila ndege huruka kwa ubawa wake", ama lile nilipendalo mimi, "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake". Ukitunga lako liwe fupi na uliandike kwa herufi kubwa kama leso za kweli, na uanze kupima nafasi ya jina kabla ya kujaza mji, usije ukakosa pahali.

Unatumia neno shoga? Mimi linaniumiza.

Nalitumia kwa tahadhari. Kwa mama zetu shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke, "shoga yangu njoo" ni neno la mapenzi, na bado utalisikia mitaani kwa maana hiyo. Kisha likageuzwa tusi la wanaume wanaopenda wanaume. Kama limekupata kwa tusi usijilazimishe kulipenda, sema "mwenzetu", hilo linatosha na halimuumizi mtu. Mwenzetu mmoja wa Malindi alilichora neno lenyewe herufi kubwa, kila herufi akaijaza maua ya rangi tofauti, anasema alitaka kulirudisha lilipotoka. Yeye limemsaidia.

## Dini na nyumbani

Kuchora si haramu?

Wanaokataza wanakataza hasa sura za vyenye roho, watu na wanyama, na humo wanazuoni wametofautiana. Kama moyo wako haukutulii hapo basi usichore sura, hutopungukiwa. Tazama milango ya Lamu, maua, minyororo, mistari iliyosukana, hakuna sura hata moja na mtu anasimama kuitazama mpaka anasahau alikokuwa anaenda. Hinna ni hivyo hivyo.

Kuhusu lile jingine, kama mimi nilivyo ni dhambi, siwezi kukutolea fatwa. Nakwambia tu langu: nasali, nafunga, namuomba Mola, na sijahisi hata siku moja kwamba Yeye amenipa mgongo. Watu ndio walionipa.

Mamangu ameikuta daftari yangu. Nifanye nini?

Kwanza pumua. Mistari ya rangi ni mistari ya rangi na hulazimiki kueleza zaidi ya ulivyotaka. Kama unaishi kwake na unamtegemea kwa chakula na karo, sema "napenda kuchora" na uishie hapo, hujasema uwongo. Kama ameuliza wazi na unahisi hasira inapanda ndani ya nyumba, usalama wako kwanza, uwe na pahali pa kulala hata siku mbili umeshapafikiria mapema, kwa shangazi, kwa rafiki.

Mamangu mimi aliikuta. Hakusema kitu siku tatu. Siku ya nne akaniletea fungu la miyaa akaniambia hii ni mizuri, nimekuchagulia mirefu. Hatujawahi kulizungumza mpaka leo na sijui kama tutalizungumza, lakini ile miyaa nimeihifadhi, sijaishona. Si kila mama atafanya hivyo na siwezi kukuahidi wako atafanya.

## Usalama

Ni hatia Kenya kuchora upinde ama kuvaa rangi zake?

Hakuna kifungu kinachotaja rangi, wala kinachosema kuwa ulivyo ni hatia. Sheria ya adhabu, vifungu 162, 163 na 165, inaadhibu kitendo, na adhabu ya 162 yafika miaka 14. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu hivyo. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Upeo ikasema kwa wingi wa majaji watatu dhidi ya wawili kwamba jumuiya ya NGLHRC (National Gay and Lesbian Human Rights Commission), inayotetea haki za wenzetu, haikupaswa kunyimwa kusajiliwa kwa sababu tu ya jina lake na watu inaowatetea. Picha za utupu ni habari nyingine, zina sheria zake, usizichanganye na sanaa hii.

Lakini sheria ni kitu kimoja na barazani ni kingine. Watu hapa wanajuana mpaka nyayo, na hatari kubwa kwetu ni mdomo wa jirani kabla ya polisi. Ukivaa, chagua wapi.

Naweza kuweka kazi zangu mtandaoni?

Waweza, kwa jina jingine na kwa akaunti ambayo haijaungwa na namba yako ya simu ya kila siku. Kabla ya kupiga picha tazama nyuma kuna nini. Mwenzetu mmoja hakuweka jina wala uso, lakini karatasi aliilaza sakafuni na ile sakafu ya vigae vya kijani iko nyumba moja tu mtaani kwao, wakamjua. Laza kazi juu ya kitambaa cheupe, usionyeshe dirishani, usionyeshe mkono wenye pete ama kovu. Mimi mwenyewe sionyeshi hinna niliyompaka mtu kwenye akaunti ile ya rangi, manake mtindo wa mkono unajulikana kama mwandiko.

Mtu amepata picha zangu anataka pesa. Nimpe?

Usimpe. Akilipwa anarudi, nimeshaona mara nyingi mno. Usifute jumbe zake, zipige picha uzihifadhi kwingine, mwambie mtu mmoja unayemuamini leo leo usikae nalo peke yako. Kumtishia mtu ili utoe pesa ni kosa la jinai hata kama anayetishiwa ni mimi na wewe. NGLHRC wanatoa msaada wa kisheria, watafute kabla hujaenda kituoni.

## Mambo yasiyo ya kawaida

Nataka kuchorwa upinde mkononi kwa hinna. Inawezekana?

Hinna ya kweli ina rangi moja tu, inaanza chungwa na inakolea kahawia nyekundu baada ya siku mbili. Koni za buluu, za pinki, za kijani si hinna, na hujui ndani mna nini. Piko nyeusi ndiyo mbaya zaidi, ile ni rangi ya nywele yenye kemikali inaitwa PPD. Mimi imeniunguza, nilinunua dukani nikaambiwa ni asili, usiku mkono ukatoka malengelenge yenye muundo wa ua lile lile nililolichora, na alama ilikaa mwaka. Sasa simpaki mtu piko, hata bi harusi akililia. Ukitaka upinde mwilini tumia rangi za uso za watoto, zioshwe usiku, ama uchorwe mistari minane kwa hinna ya kawaida. Nani atakuuliza kwa nini minane?

Mimi nimezaliwa huntha. Ukurasa huu wanihusu?

Ukitaka ukuhusu, wakuhusu. Huntha si suala la nani unampenda, ni la mwili ulivyoumbwa, na wengine hawapendi kuchanganywa na sisi, haki yao. Sensa ya Kenya ya 2019 ndiyo ya kwanza kuwahesabu na ikapata 1,524, kwa hivyo ukijiona uko peke yako kisiwani jua si peke yako nchini. Bendera yenu ni manjano na duara la zambarau katikati, rahisi kuishona kwenye mkeka mdogo.

Nina mke na watoto. Nimechelewa?

Hujachelewa kuchora. Mengine ni ya wewe na mkeo na yanataka ukweli ambao sanaa haiwezi kuubeba kwa niaba yako, nakwambia kwa heshima. Mzee wa zaidi ya miaka sitini aliniandikia kwamba anapaka rangi mashua za watu, na kila mashua kabla ya kupaka koti la mwisho anapiga mstari mwembamba wa zambarau ndani ya mbavu ambapo hautoonekana tena. Kila mashua aliyoipaka inao. Nimemuomba ruhusa ya kulisema hili na amekubali.

Nachora kila siku lakini bado nalia. Nakosea wapi?

Hukosei. Rangi inatuliza, haitibu kila kitu, na anayekuambia inatibu asikudanganye. Kama hulali, huli, ama unawaza kujiondoa duniani, piga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu Kenya, ni bure. Na kama unaogopa hospitali kwa sababu ulishajaribu, jua kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kile kifungu cha kuwaadhibu waliojaribu kujiua kuwa kinakiuka katiba. Nenda ukatibiwe. Daftari litakungoja.

Kazi nikimaliza niiweke wapi kama siwezi kuitundika?

Ndani ya kasha chini ya leso. Nyuma ya fremu ya picha nyingine, karatasi mbili zinakaa vizuri. Upande wa chini wa mkeka.

Mimi wa kwangu ni mkeka. Kwa juu ni mkeka kama mikeka mingine, mweupe na kahawia, wageni wanakaa wanakunywa kahawa. Lakini pale ukili unapokunjwa kwa ndani kwenye ukingo nimeshona miyaa minane, pinki mpaka zambarau, upana wa kidole kimoja. Yule nimpendaye akija anakaa upande ule ule kila siku, na tukizungumza anapitisha kidole chini ya ukingo polepole, pinki, nyekundu, chungwa, bila kutazama.